Mlango Uliozibwa Kati ya Makanisa Mawili

Nakumbuka Jumapili moja ya ujana wangu hapa Kolwezi, mjukuu wangu. Mahubiri yalikuwa marefu, nami nikawa natazama ukuta. Kanisa letu la Kiprotestanti lilipakana na la Wakatoliki katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, kama ndugu waliolala kitanda kimoja wakipeana migongo. Pale katikati, matofali ya ukuta wetu yalikuwa na rangi nyingine, nayo yalifuata umbo la mlango.

Siku hizo nilikuwa msichana mwenye mchumba, kijana Mkatoliki aitwaye Ilunga. Tata, baba yangu, alikuwa amekataa tuoane. "Shi Baprotestanti na bale Bakatoliki hatukupatana hata siku moja," alisema.

Basi mlango ule ulikuwa wa nini? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikaenda kwa Mama Kapinga, mjane aliyefika kambini kabla makanisa hayajajengwa. Nilimkuta anaanika mihogo.

"Upepo ulibeba mabati ya kanisa ya Bakatoliki," akaniambia. "Nkambo yako, muzee wa tata yako, njo alitoboa ule ukuta, bapite basali kwetu. Asubui banasali bale, kisha shi. Mvua ikinyesha, shi wote mule ndani."

"Na nani aliuziba?"

"Bakubwa ba kwaya. Baligombania ngoma."

Nilicheka, mwanangu, halafu nikamwomba twende wote nyumbani. Akayarudia yale mbele ya tata. Tata aliangalia viganja vyake.

"Yale matofali ya kuziba mulango, mi niliyabeba," alisema mwishowe. "Nilikuwa mutoto. Hakuna mutu aliniambia sababu."

Mama Kapinga hakumlaumu. Aliomba maji ya kunywa tu. Juma lile tata alivaa koti lake, akaenda mwenyewe kwa wazazi wa Ilunga, akakaa huko hadi jua likazama. Hivyo ndivyo mimi, nyanya yako, nilivyoolewa.

Leo vijana wanatoka kila pembe ya Kongo kuja kuchimba, na kila mtaa una kanisa jipya la maturubai. Kila moja linasema lingine limepotea. Mwanangu, ukirithishwa ugomvi, usiupokee kama urithi wa shamba. Uliza ulianzaje. Watafute wazee ambao wangali hai, ukae nao, uwasikilize mpaka wamalize. Mara nyingi utakuta watu walikosana kwa jambo dogo, na kabla ya hapo walipendana sana.

Mungu akupe masikio yasiyochoka, akupe na nyumba ambamo jirani hapigi hodi mara mbili.