Wivu kwa Waliotapeliwa

Kwenye basi la Beechmont, mjini Louisville, kiti cha mbele yangu, mama mmoja Mkongo, akiwa bado na fulana ya kazini, alimsimulia Mkongo mwenzake habari aliyoletewa na binti yake kutoka shuleni: zamani, zaidi ya miaka mia, tapeli alizunguka mji huu na miji ya Columbus na Buffalo akiuza hisa za mgodi wa dhahabu.

"Donc, dhahabu haikuwamo?" mwenzake akauliza.

"Hata punje. Watu walibakia na karatasi tu, ya muhuri muzuri."

Mwenzake akafyonza. "Bon, miye nawaonea wivu. Kwetu dhahabu ilikuwamo. Walibeba yote, na hata karatasi hawakutuachiaka."

Nilishuka kituo changu, karibu na ofisi ya gazeti letu. Yule muuza karatasi tunamwita tapeli. Hawa waliobeba dhahabu ya kwao, sisi wa magazeti tumezoea kuwaita wawekezaji.