Novemba ya Mashindano ya Barafuni

Harufu ya spiriti ya zambarau, ile ambayo vinyozi hufutia mashine zao kabla ya kuanza kichwa kingine, hadi leo inanipeleka moja kwa moja kwenye kontena la baba yangu pale Warwick, jirani na robot, yaani taa za barabarani, ambapo teksi hupiga honi bila sababu. Papa alikuwa kinyozi. Ndani ya kontena kulikuwa na kioo kilichopasuka kona, feni iliyozunguka kwa uvivu, na ukutani picha ya kaka yangu Espoir akiwa na jezi ya chuo kimoja cha Amerika ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Novemba ya Durban ina joto la kunata. Shati linashika mgongo tangu asubuhi. Na ndani ya joto lile wanaume wazima, Wakongo kwa Watanzania, walishinda wakibishana kuhusu barafu.

Sababu ilikuwa hii. Timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Espoir ilikuwa imealikwa kwenye mashindano ya mwanzo wa msimu, katika mji wa kaskazini kabisa mwa Amerika, huko ambako mwezi huo jua huchungulia tu kisha likarudi kulala. Mwaka wake wa kwanza wote Espoir alikaa benchi kwa sababu ya goti. Sasa goti lilikuwa limepona, na kocha alimwambia kwamba huko barafuni ataanza, tangu dakika ya kwanza. Tena mechi zingeonyeshwa kwenye intaneti. Kwa mtu mwingine hiyo ni habari ndogo. Kwa Papa ilikuwa kila kitu, maana yeye ndiye aliyemfundisha Espoir kudunda mpira, kwanza Bukavu kwenye uwanja wa udongo wa parokia, kisha hapa Durban kwenye uwanja wa saruji karibu na bahari, na karatasi zake za ukimbizi zisingempandisha ndege yoyote. Alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akiichezea timu ile. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, na sisi sote tulijua.

Basi kontena likageuka tawi la mashabiki. Ukikalia kiti cha Papa unakuwa mfuasi wa chuo kile, upende usipende. Mtu ana mashine kichwani mwako, utabisha nini? Aliwafundisha wateja majina ya wachezaji wenzake Espoir, yote akiyatamka Kifaransa, mpaka kijana mmoja wa Texas tukawa tunamwita kwa jina ambalo mama yake mzazi asingelitambua. Bwana Sefu, Mtanzania wa Tanga aliyetengeneza simu kwenye kontena la pili, ndiye aliyekuwa na laptopu na intaneti, kwa hiyo alijipa cheo cha katibu. Kila asubuhi alituletea hali ya hewa ya huko. "Eish, ndugu zangu, kule hata mate yanaganda," anasema, na watu wanashika vichwa. Tonton Safari, mdogo wake Papa, akashikilia kwamba katika baridi ya namna ile mpira hauwezi kuruka. Ubishi ukapamba moto. Siku moja Papa akachukua mpira wetu wa nyumbani, akampelekea mama mmoja muuza samaki wa barafu, akamwomba aulaze kwenye friza yake katikati ya makatoni ya makrele. Ulipotolewa kesho yake, umati ulikuwa umejaa barabarani. Papa akaudunda. Mpira ukaanguka pa! ukabaki palepale, unanuka samaki. Watu walicheka mpaka madereva wa teksi wakapunguza mwendo watazame. Papa hakucheka. Alimpigia Espoir papo hapo, sauti imejaa wasiwasi: "Mwanangu, mpira ya baridi hairuki! Umuambie kocha!" Kwenye spika tukamsikia kaka yangu akiangua kicheko. "Papa, tunacheza ndani ya nyumba! Iko joto kuliko Durban!" Mpira ule ulinuka makrele hadi siku ulipopasuka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuchezea.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya mechi, Papa alikuwa katikati ya kumnyoa mteja, akaiweka mashine chini ikiwa bado inanguruma, akasema kichwa kinamuuma sana. Akakaa. Ilikuwa presha, walisema hospitalini. Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Hakuamka tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa shule, na niliporudi nikawakuta wanaume wakiteremsha makochi yetu kwenye ngazi za ghorofa. Kwetu, nyumba yenye kilio haikai na viti. Sebule hutolewa kila kitu, mikeka na magodoro hutandikwa, na watu hukaa chini pamoja na wafiwa mpaka matanga yaishe. Hakuna aliyeniambia neno. Niliona kochi la Papa likinipita ngazini, limeinuliwa na watu wawili, nikajua. Nikakaa palepale nikalia mpaka pua ikanitoka damu.

Jioni ile wazee wa jamaa wakafanya kikao jikoni kwetu. Swali lilikuwa moja tu, Espoir. Ni desturi yetu, na wengi wenu mnaijua, kwamba mtu aliye mbali na peke yake hapewi habari ya kifo kwa simu. Hutafutwa kwanza mtu wa kwenda kukaa naye, ndipo aambiwe, ili akianguka aangukie mikononi mwa mtu. Na Espoir alikuwa katika mji mdogo usio na Mkongo hata wa dawa. Binamu wa Mama aliyeishi Amerika alisema angeweza kumfikia baada ya mashindano tu. "Musimuambie mutoto," akasema Tonton Safari, macho mekundu. "Iko peke yake kule. Kuja hawezi, akitoka karatasi hazitamurudisha. Acha acheze. Ndugu yangu alingojea hii mechi." Mama alikataa. Alisema mtoto ana haki ya kumlilia baba yake pamoja na sisi, siku moja na sisi, si kuja kulia peke yake wakati wenzake wamekwisha kunyamaza. Alisema tena na tena, mpaka sauti ikamwishia, nao wakamshinda kwa wingi wao. Mimi nilikuwa upande wa Mama, lakini nani alimuuliza mtoto?

Tukamzika Papa Jumapili, mvua ikinyesha. Jioni yake Espoir akapiga simu, kama kila Jumapili. Nyumba ilikuwa imejaa vilio, na mtu akainua mkono: kimya! Wote wakaziba midomo. Mwanamke mmoja karibu yangu aliuma kitenge chake kuzuia kwikwi. Tonton Safari akapokea, akacheka. Ndiyo, akacheka, sijui kicheko kile alikitoa wapi. Akasema Papa amepoteza sauti kwa kubishana na wateja, daktari amemkataza kuongea. "Mumupe chai ya tangawizi," akasema Espoir. "Mumuambie niko tayari." Simu ilipokatika, Tonton alijifungia chooni na tukamsikia akigonga kichwa ukutani. Kwa miaka mingi nilimchukia mtu huyu, kwa hiyo ni haki niliseme na hilo.

Mechi yenyewe ilikuwa usiku huko kwao, kwetu ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki. Wateja wa kontena walipanda ngazi mmoja mmoja, hawajui wanakuja kama wafiwa au kama mashabiki. Bwana Sefu aliweka laptopu juu ya kreti la soda, kando ya picha ya Papa, nasi tukaketi mikekani. Ukumbi wa barafuni ulionekana mweupe kwa taa, watazamaji wamevaa majaketi mazito. Espoir aliingia. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na kwa jinsi alivyokunja shingo kabla ya kuanza alikuwa Papa mtupu. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kushangilia. Unashangiliaje kwenye kilio? Akafunga. Mtu akasema "Ndiyo!" kisha akajishika mdomo. Akafunga tena. Ndipo Mama, aliyekuwa hajala tangu mazishi, akapiga sakafu kwa kiganja: "Cheza, mwanangu! Cheza!" Jamani, nyumba ililipuka. Wanaume waliimba yale majina ya Kifaransa, wanawake walipiga vigelegele vilivyogeuka maombolezo kabla ya kuisha, na mimi nilikuwa na furaha kabisa, nikaionea haya furaha ile, nikalia. Chuo chetu kilishinda. Espoir alicheza vile Papa alivyokuwa amewaahidi wateja wote kwamba angecheza.

Muda si muda laptopu ikaanza kuita. Ni kwa laptopu hiyo Papa alikuwa akizungumza na Espoir kwa video, na Bwana Sefu, furaha imempanda kichwani, akabonyeza kupokea kabla ya kufikiri. Kaka yangu akatokea, jasho linamtiririka, nyuma yake wenzake wanaimba. "Papa! Uliona? Papa iko wapi?" Kila mtu mle ndani alikuwa amejiandaa kwa uongo. Tonton Safari alikwisha fungua mdomo. Lakini Espoir hakuwa akimtazama. Alikuwa akiitazama sebule. Tulikuwa tumeficha kila neno, na chumba chenyewe hatukukificha. Aliiona mikeka, magodoro ukutani, wanawake wamekaa chini na vitenge viunoni. Nyuma yake waliendelea kuimba.

"Mama," akasema polepole, "viti iko wapi?"

Akasogeza uso karibu na kamera.

"Viti yetu iko wapi?"

Mama alitambaa hadi kwenye laptopu akaweka viganja vyake viwili kwenye kioo, kana kwamba angeweza kumshika uso. Kati ya vidole vyake nilimwona Espoir akishuka magotini, na wale vijana warefu wakaacha kuimba, wakamzunguka, wakamkumbatia bila kujua wanamkumbatia kwa lipi. Yule wa Texas ndiye aliyemwinua.

Hakucheza mechi iliyofuata, na msimu ulipokwisha alirudisha jezi. Alimaliza masomo, akapata kazi katika mji mwingine wa baridi, na mpira wa kikapu hautazami hata ukionyeshwa mbele yake. Tangu siku ile hakuongea tena na Tonton Safari. Akitupigia, hata kabla ya salamu, anasema, "Neema, zungusha simu," nami naizungusha sebule nzima, kochi, kabati, dirisha, ndipo anaposema habari zenu. Kontena la Papa siku hizi linauza vipochi vya simu. Vijana wa ghorofani kwetu wanafuatilia mashindano yaleyale kila Novemba, lakini kila mmoja na simu yake na visikilizio masikioni. Nikiwapita ngazini nataka kuwaambia kwamba zamani tulikuwa tunangoja mechi moja mtaa mzima. Nani ana muda wa kunisikiliza.

Mwaka jana Mama alifariki hospitalini, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Espoir alikuwa ameniapisha zamani: siku hiyo ikifika, nimwambie mimi, saa ileile, popote alipo. Tonton Safari, mzee sasa, alikuwa nami kwenye korido. "Ngoja kwanza, Neema," akaniomba. "Tutafute mutu wa kwenda kwake." Nilimwakia. Nilimwambia hatutafanya ujinga ule tena, si mbele yangu, nikapiga simu palepale huku namtazama usoni. Espoir alikuwa dukani, akinunua chakula cha jioni. Nikamwambia Mama ametutoka. Nikasikia kikapu kikianguka, makopo yakibingirika. "Asante kwa kuniambia," akasema. Nilijivunia, Mungu anisamehe, nilijivunia kwa ile sekunde moja.

Kisha akaanza kulia. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia vile, kwa sauti yote, katikati ya rafu za duka. Spika za duka ziliendelea kutangaza bei za nyama. Nikasikia magurudumu ya kitoroli yakikaribia, yakasita, yakamzunguka, yakaenda zake. Nikasikia nyayo nyingine, nazo zikapita. "Kaka, niko hapa," nikawa namwambia, "niko hapa," na mimi nilikuwa Durban, nimesimama kwenye korido, nimezungukwa na jamaa waliokwisha kufika, mkono wa mtu begani mwangu, mwingine kiunoni. Tonton Safari alikuwa amesogea karibu, kilio kile kinamfikia kutoka kwenye simu. Nilingoja anisute. Hakunisuta.

"Iko na nani?" akauliza.

"Hana mtu, Tonton," nikasema.