Dokta Asiye na Chuo

Tangu utotoni walimwita Dokta, kwa kuwa alizoea kuwafunga bendeji wanasesere, paka, na siku moja babu yake akiwa usingizini. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwenye simu kwamba chuo cha udaktari hakikumchukua, nyumba nzima ilipata kigugumizi. Hawakujua wamwiteje. Dokta mwenyewe alilia mpaka macho yakavimba, kisha akaamka akafua mashuka yote, hata yaliyokuwa safi.

Kilichomponza ni kemia. Ilimwangusha kwa alama chache tu, lakini mlangoni pa chuo chache na nyingi ni mamoja.

Jumapili, baada ya chakula, kikao kikakaa sebuleni bila kuitishwa. Kaka yake, fundi umeme, alitaka arudie mtihani. Baba, dereva wa lori, alikuwa na habari nyingine: binti wa dereva mwenzake anasomea udaktari ng'ambo.

"Ng'ambo ipi?" mama akauliza.

"Hakuitaja. Alisema kuna baridi."

"Basi tumpeleke kwenye baridi, mambo yaishe."

Mama mdogo, muuguzi wa zahanati, alikuwa akimenya chungwa. "Kuna utabibu," alisema. "Anasoma stashahada, anatibu watu, akipata uzoefu anaomba udaktari tena. Ni kuzunguka, lakini kunafika."

"Kuzunguka mpaka lini?" kaka akadakia.

"Wewe ufundi ulimaliza lini?"

Kaka akaangalia dari. Alirudia mwaka, na kila aliyekuwa sebuleni alilijua hilo. Hata Dokta akacheka, mara ya kwanza tangu ujumbe ule.

Mama mdogo akamgeukia. "Mwanangu, wagonjwa umeshawaona?"

"Nimewaona."

"Kwenye televisheni?"

Dokta akaokota ganda la chungwa.

"Kesho njoo zahanati. Vaa viatu vinavyooshwa."

Asubuhi ile ile ya kwanza mtoto alivitapikia viatu hivyo. Baadaye bibi mmoja mwenye kidonda mguuni aling'ang'ania mkono wa Dokta wakati kikisafishwa, na Dokta akaona ukuta unamjia. Akauegemea. Mama mdogo alijifanya hakuona. Wiki zilivyosonga, Dokta akazoea harufu ya dawa, kelele za foleni, na watu wanaosema wanaumwa "kila mahali". Akajikuta anaamka kabla hajaamshwa.

Aliyemvutia zaidi ni tabibu wa zahanati, mtu mnene, mpole, asiyekuwa na haraka hata foleni ikifika nje. Siku moja, wakinywa chai, Dokta akamuuliza, "Shikamoo yangu umeshaitikia, sasa nikuulize. Udaktari hukuutaka?"

"Niliutaka sana. Nikakosa, nikaja huku. Baadaye mlango ukafunguka, lakini wanangu walikuwa wadogo, nikaahirisha mpaka hamu ikaisha."

"Unajuta?"

Tabibu akakoroga chai. "Siku za mvua, kidogo. Lakini wewe mlango ukikufungukia, omba. Usiige uvivu wangu."

Jioni ile Dokta aliwaambia wazazi wake kwamba ataomba utabibu, na kemia ataisoma pembeni, asije akafungiwa mlango kwa deni lile lile la alama. Baba akauliza kama ng'ambo imekufa. Akaambiwa imelala tu.

Alipokelewa. Kemia aliirudia akafaulu vizuri, na kaka akatembea mtaani kana kwamba ni yeye aliyefanya mtihani. Jamaa wakamhimiza aache utabibu katikati, akimbilie chuo kikuu. Dokta aliwaza usiku kadhaa, akakataa: alishaanza kuyapenda mazungumzo na wagonjwa katika chumba kidogo cha tabibu, na udaktari ataufuata akiwa na kitu mkononi.

Sasa yuko mwaka wa mwisho. Juzi, kwenye mazoezi ya kazi, alimchunguza mtoto aliyekuwa akilia kwa maumivu ya sikio. Akakuta punje ya mahindi. Akaitoa taratibu, na mtoto akaidai irudishwe, kwa kuwa ilikuwa yake. Dokta akaifunga kwenye kipande cha karatasi, akampa, kisha akamwita mgonjwa anayefuata.