Fimbo Haijakukosea Kitu

Nianze na mkono, maana uso wake haukunishughulisha. Ulikuwa mkono wenye glavu nyeusi ya ngozi, glavu nzuri ya mtu mwenye nafasi yake. Ulinishika matakoni kwenye ngazi za stesheni, asubuhi ya baridi, kiza bado hakijatoka, watu tumebanana tunapanda. Haukunigusa kwa bahati mbaya. Ulishika, ukaminya, ukaachia. Nikageuka. Mwanamume wa makamo, kofia kichwani, mkoba wa ofisi kwapani, ananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemkanyaga. Kisha akanipita, akaenda kusimama upande wa treni za mjini, akafungua gazeti lake. Hadi leo nikikumbuka lile gazeti damu inanichemka.

Stesheni yenyewe siitaji. Ni mbele kidogo ya Upplands Väsby, ukitoka Stockholm, na wengine wa mambo haya wangali hai. Mume wangu alikuwa baharia wa Pemba aliyeshuka melini mwishoni mwa miaka ya sitini akapata kazi ya karakana, akaoa kwa barua, nami nikamfuata mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwaka wa kwanza niliumaliza dirishani. Nilihesabu miti, nikamaliza miti, nikaanza kuzungumza na sufuria. Nilipopata kazi kwenye jiko linalopakia vyakula vya ndege karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, nilirudiwa na akili yangu. Nilijifunza Kiswidi kule, nikawa na watu wa kunicheka na kuwacheka. Kwa hiyo mtu akinigusia kazi ile, amenigusa roho.

Basi siku ile nikamwendea karani wa tiketi kwenye kibanda chake cha kioo. Yeye anaona ngazi zote kutoka pale alipokaa. Nikamweleza kwa Kiswidi changu. Akasema asubuhi watu ni wengi, wanasukumana, na akaniuliza kama ninataka tiketi. Jioni nikamweleza mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyua kidole akasema, "Likitokea tena, kazi basi. Sitaki mke wangu awe kichezeo cha stesheni."

Hebu sikia hiyo. Mwenye mkono aendelee kwenda ofisini na gazeti lake, mwenye matako akafungiwe ndani. Nilitaka kumtupia sahani. Badala yake niliziosha, na likatokea tena, mara ya pili na ya tatu, na mimi kimya, maana nikisema tu nimepoteza kazi. Wanawake wenzangu tuliokuwa tukikutana Hässelby siku za mapumziko, Watanganyika, Waganda, sisi wa visiwani, waliniambia nivae koti refu zaidi. Mmoja akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kila mmoja wetu ana wake wa namna hiyo, nistahamili. Koti langu lilikuwa linafika vifundoni. Nirefushe nini tena, nivae hema?

Aliyenisaidia ni mwanamke wa Ufilipino, mwenzangu wa meza moja jikoni, mfupi, mwembamba, mikono kama ya mtoto wa skuli. Siku moja alipita nyuma yangu akaniwekea mkono kiunoni ili asinisukume, nikaruka mpaka trei ya vikombe ikamwagika. Akafunga mlango wa stoo akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yote, nikilia kwa hasira, si kwa huzuni. Hakunipa pole. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Vizuri," akasema, akarudi kukata matango.

Baba yake, kumbe, alikuwa mkata miwa, na kule kwao wakata miwa wengi wanaijua eskrima, yaani kupigana kwa fimbo fupi, urefu wa mkono wa mtu. Alimfundisha binti kwa sababu njia ya kutoka shambani ilikuwa ndefu. Tukakubaliana anifundishe kwangu, kwenye chumba cha kufulia nguo chini ya jengo, zamu yangu ya mashine. Mashine zikianza kunguruma hakuna anayesikia kitu. Alikuja na mpini wa fagio, akaukata vipande viwili kwa msumeno, akanipa kimoja.

Sasa mimi mtoto wa Pemba, fimbo si ngeni kwangu. Harusini kwetu wanaume hucheza kirumbizi. Wawili huingia uwanjani, ngoma na zumari zinawapa mwendo, wanazungukana, wanajivuna, huyu anapiga, yule anakinga, fimbo zinalia, watu wanashangilia. Sisi wanawake tuligawiwa vigelegele. Lakini macho hayagawiwi, na mimi niliangalia tangu nina miaka mitano. Kwa hiyo nilisimama pale kati ya mashine, nikainua fimbo juu ya kichwa, nikazunguka kwa madaha, nikampigia fimbo yake ilie vizuri. Ikalia. Sikujua hata alivyofanya, nilisikia tu moto kwenye vifundo vya vidole, na kipande changu kinabingirika sakafuni.

Nikarudia. Akanipiga palepale. Mara ya tatu nikamtukana kwa Kipemba, bahati yake hakufahamu. Akakaa juu ya kikapu cha nguo akaniuliza kwa nini naikimbilia fimbo yake. Nikamwambia fimbo hupigwa kwa fimbo, ndivyo inavyochezwa. Akatikisa kichwa.

"Fimbo haijakukosea kitu," akasema. "Kilichokukosea ni mkono. Piga mkono."

Ilinichukua majira mazima ya baridi kuiondoa ile ngoma mwilini. Nilikuwa nangoja. Mcheza kirumbizi humngoja mwenziwe amalize madaha yake naye aonyeshe ya kwake, na mimi nilikuwa nangoja zumari ndani ya chumba cha kufulia. Yeye alinifundisha nisingoje. Shika fimbo karibu na mwisho wake. Usiipeleke nyuma sana, utamwonyesha unachotaka kufanya. Usirudi nyuma moja kwa moja, toka pembeni kwa mguu mmoja, mkono wake upite mahali ulipokuwa. Kisha piga kifundo cha mkono au vidole, kutoka begani kushuka, na mara ya pili kutoka upande wa pili. Mkono wako mtupu uuweke kifuani, usiuache unaning'inia. Na ukishapiga, ondoka. Hilo la kuondoka alilisema kuliko yote. Fimbo si ya kumfunza mtu adabu, alisema, ni ya kukufikisha nyumbani.

Mazoezi ya peke yangu niliyafanya uani, mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua. Majengo ya kule yana fremu ya chuma ya kutundikia mazulia, unalipiga zulia mpaka vumbi litoke, na kifaa chenyewe cha kupigia ni cha henzirani. Mfilipino alipokiona alicheka, akakinusa, akasema hii ni ya kwao, ndiyo wanayochongea fimbo. Na mimi naijua henzirani tangu chuoni, nikisoma Kurani, mwalimu wetu hakuwa nayo kwa mapambo. Basi kila Jumamosi natundika zulia. Kutoka begani kushuka, kutoka upande wa pili, hatua ya pembeni. Majirani wakamsifu mume wangu kwa kuoa mwanamke msafi. Na yeye akavimba kichwa. Zulia likachakaa, mpaka nyuzi zikatoka, na bado hakuuliza.

Alivigundua vile vipande vya mpini mwezi wa Aprili, nyuma ya kikapu cha nguo. Nikamwambia kweli. Alicheka mpaka akakaa. Huyu kwao alikuwa bingwa wa kirumbizi, aliitwa harusi za mbali, na kila mgeni aliyekuja nyumbani kwetu alisimuliwa habari hizo akitaka asitake. Akachukua kipande kimoja, akasukuma meza pembeni, akaanza kuimba ngoma kwa mdomo. Akanizunguka. Bega juu, shingo upande, fimbo angani, kweli alikuwa anapendeza, Mungu ashuhudie. Akaniambia nijaribu, nikimgusa tu niendelee na kazi maisha yangu yote, hataniuliza.

Sikungoja amalize wimbo. Nilitoka pembeni nikampiga vidole.

Kipande kilianguka chini ya kochi. Yeye akashika mkono wake, akanitazama, akaenda chooni akafungulia maji. Vidole viwili vilivimba. Kule karakana aliwaambia wenzake mlango wa chuma ulimbana. Na ile ahadi ya nikimgusa tu, siku ile na siku zilizofuata, hakuitaja kabisa, kama kwamba aliisema mtu mwengine.

Siku ya tatu yake, asubuhi, mvua ya baridi. Nimeufunga mwavuli, nimeushika chini kidogo ya kishikio. Kwenye ngazi nikausikia ule mkono. Sikugeuka na uso kwanza kama zamani. Mguu ulikwenda pembeni wenyewe, glavu ikabaki hewani mahali nilipokuwa, na mwavuli ukashuka juu ya kifundo. Alipiga ukelele. Pigo la pili lilimpata vidoleni, mkoba ukaanguka, karatasi zake zikateremka ngazi. Kisha nikaondoka, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimeshafika juu, treni yangu inaonekana, ndipo karani akatoka kwenye kibanda chake. Wallahi sikujua kama mtu yule ana miguu. Miezi yote hakuona kitu, na siku ile aliona kila kitu, mwavuli, kifundo, karatasi, akaniziba njia, akawapigia simu askari.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watu waliopanda nami ngazi zile kila siku, macho chini, midomo imeshonwa, sasa walikuwa na ushahidi. Bibi mmoja alisema nilimpiga bwana yule mara mbili. Walikuja askari wawili. Bwana wa glavu akasema mimi ni kichaa, nimemrukia bila sababu. Nikamwambia askari mkubwa, kwa Kiswidi cha jikoni lakini kilichonyooka, "Muulize mkono wake ulikuwa wapi nilipoupiga."

Hakumuuliza. Aliandika jina lake, akamruhusu apande treni, kwa sababu bwana yule alikuwa anakwenda kazini. Mimi nilikuwa nakwenda wapi, kutazama ndege zikiruka? Nikawekwa kwenye chumba nyuma ya kibanda cha tiketi, mwavuli wangu juu ya meza kama jambia, nikaambiwa nikae kimya mpaka mume wangu aje. Walimpigia simu karakana.

Alipoingia askari alinyanyuka akampa mkono, kama desturi yao. Na mume wangu, mtu wa kunifokea mbele ya wageni nikisogeza chumvi kwa mkono wa shoto, akatoa wa shoto. Wa kulia ulibaki mfukoni mwa koti. Nilijua palepale kwamba riziki yangu yote imo ndani ya mfuko ule.

Askari alimwambia hali yangu inategemea. Kama nimeshtuka mara moja, ataninyang'anya mwavuli na kunionya, yaishe. Kama nina tabia ya kupiga watu, nitapelekwa mbele ya hakimu, na mwajiri wangu ataarifiwa. Aliyasema hayo kwa mume wangu, mimi nikiwa nimekaa katikati yao kama furushi. Kisha akauliza, "Amewahi kumpiga mtu?"

Mume wangu alinitazama. Akausukuma mkono ndani zaidi ya mfuko.

"Hapana," akasema. "Hajawahi."

"Na mkono wako umefanya nini?"

"Mlango wa karakana."

Basi. Mwavuli ukabaki mezani, sisi tukatoka. Kwenye ngazi alinyanyua mabega yake yale ya kirumbizi, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyetoa sadaka, "Nimekuokoa. Sasa kazi basi."

Miaka mingi wanawake wenzangu wamenihukumu kwa jibu langu, wakasema mume aliyekusitiri hupewa shukrani. Sikumpa. Nilikuwa nimeshikwa na mgeni, nimepuuzwa na karani, nimesemewa na askari, na sasa huyu wangu anataka kukusanya walichoacha wengine. Nilisimama katikati ya ngazi, watu wanatupita huku na huku, nikamwambia:

"Hukuniokoa mimi, umeokoa jina lako. Kama nasema uwongo, toa mkono huo mfukoni, uunyooshe hapa mbele ya watu, useme nani aliyeufanya hivyo na wewe ulimwahidi nini. Ukimaliza kusema, kazi naacha leo."

Aliangalia watu. Aliangalia kibanda cha kioo, karani yuko ndani, anaona. Treni ya Märsta ikaingia, nikapanda, yeye akabaki pale kwenye ngazi na mkono wake mfukoni.