Tangazo Ambalo Mama Mkwe Hakulisoma

Kazi yangu ni kunyamazisha jeni. Nasema hivyo kwa kujivuna kidogo, maana nyumbani kwangu sijawahi kunyamazisha hata kuku. Katika maabara moja Nairobi, kikosi chetu hufunga vipande vya dawa ndani ya matone ya mafuta, madogo kiasi kwamba hayaonekani kwa macho, ili vifike kwenye saratani vikiwa vizima. Kutengeneza kipande chenyewe si shida sana siku hizi. Kukifikisha ndiko kunakotutoa jasho.

Mama mkwe wangu anaishi Kibwezi. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu sikuwa nimeuona uso wake vizuri. Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima ya ukwe: mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawapeani chakula mkononi, hawatazamani. Wengi wameiacha. Yeye hakuiacha, nami niliogopa kuwa wa kwanza. Siku moja sokoni niliiona leso yake ikija upande wangu, nikajitosa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kwa aibu ya kusimama bure nikanunua kilo tatu za misumari. Hadi leo sijui nitajenga nini.

Kisha akapatikana na uvimbe kwenye ini. Daktari alisema hauwezi kukatwa, lakini kulikuwa na nafasi katika utafiti wa dawa mpya, ya ukoo mmoja na zile tunazofunga sisi. Alitakiwa kutia sahihi ndani ya wiki mbili. Akasema hatii sahihi kitu asichokielewa, na kwamba daktari yule anaongea kama mtu anayefukuzwa. Mtu pekee wa kumweleza polepole nilikuwa mimi, mtu ambaye hangeweza kuketi naye. Niliogopa. Akikataa, hapakuwa na dawa nyingine ya kumpa.

Basi tukapanga hivi: yeye akae jikoni, mimi nje kwenye kigoda chini ya dirisha, pazia likiwa limefungwa, na mke wangu asimame mlangoni kupeleka maneno. Sote watatu tulisikiana vizuri kabisa, lakini kila sentensi ilipitia kwa mke wangu, kwa heshima.

"Mwambie mwaitu," nikaanza, kwani ndivyo tunavyomwita mama, "kila seli ina maagizo yamefungiwa ndani kabisa. Yakihitajika yananakiliwa kwa barua, na barua ndiyo inatoka kwenda kusomwa. Hiyo saratani iko na barua inasema kua, kua, usiache."

"Anasema saratani iko na barua," mke wangu akasema.

"Nimesikia. Muulize hii dawa inafanya nini."

"Mwambie inatafuta hiyo barua na kuirarua kabla haijasomwa. Lakini ukiiweka kwa damu hivi hivi inakatwakatwa, na ile inabaki inatoka na mkojo. Ndiyo maana tunaifunga na mafuta."

Neno mkojo mke wangu alikataa kulibeba. "Inatoka na maji," akasema, akipanguza uso.

Jikoni sufuria ikafunikwa. Kisha: "Muulize ni mafuta gani. Kliniki waliniambia niachane na mafuta."

"Mwambie si ya kupika."

"Muulize kama ameionja."

Sikuwa nimeionja. Nilikiri, nikamsikia akiguna kama mtu aliyeshinda kesi. Nikajua nimepoteza mgonjwa. Lakini baada ya muda akaomba aelezwe tena habari ya barua, peke yake, bila mafuta. Mke wangu akarudia. Ndipo nikasikia kicheko kirefu, cha kukohoa, kisha akasimulia kisa chake.

Kwa miaka mingi mama mkwe ndiye aliyesoma matangazo kanisani. Jumapili moja mchungaji alimpa karatasi iliyohamisha mkutano wa akina mama kutoka nyumbani kwake mama mkwe hadi kwa jirani ambaye hakupatana naye. Aliisoma kimoyomoyo, akaikunja, akaifungia ndani ya Biblia, akasoma matangazo mengine yote kwa sauti nzuri. Akina mama wakaja kwake kama kawaida, wakanywa chai.

"Mchungaji sikumgusa," aliuambia ukuta, akisahau kabisa kupitia kwa mke wangu. "Kalamu yake sikuigusa. Tangazo ndiyo haikusomwa."

"Ndiyo hiyo, mwaitu," nikamjibu, nami nikisahau.

Tukashikwa na aibu wote wawili. Mke wangu ikabidi arudie maneno yote upya, moja moja, ili yawe halali.

Alitia sahihi. Aliweka sharti moja: huyo mtu wa Nairobi asikanyage wodini.

Siku ya dripu, fomu moja ilikosekana, mke wangu akashuka kuitafuta. Muuguzi akataka ndugu akae karibu, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuleta baridi kali. Aliyekuwepo ni mimi tu, nikisubiri nje ya wodi. Niliingia kinyumenyume, nikagonga toroli, nikaliomba msamaha, nikaketi nikitazama ukuta. Muuguzi akauliza kama tumegombana.

"Hapana," mama mkwe akasema akiwa chini ya shuka. "Tunaheshimiana."

Muuguzi alipotoka kwenda kitanda cha pili, nikasikia chuma cha kitanda kikitetemeka.

"Kijana," akasema. Hakuwa amewahi kuniita chochote. "Nasikia baridi."

Nilivua koti nikalirusha nyuma. Lilianguka sakafuni. Nikaliokota kwa kupapasa, nikarusha tena, likaning'inia kwenye mti wa dripu.

"Geuka," akasema. "Utanifunika aje kama huoni?"

Niligeuka. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka, na ulikuwa na hofu ambayo hakuna aliyewahi kuipeleka mlangoni. Nilimfunika hadi kidevuni, kisha nikamwita muuguzi, naye akapunguza kasi ya dripu. Nilitaka kulia na sikuona aibu.

"Umeniona," akasema, meno yakigongana. "Sasa utaleta mbuzi."

Nilipeleka mbuzi, faini ya kuvunja nthoni. Picha za karibuni zinaonyesha uvimbe uko pale pale, haujapungua, haujakua. Daktari hasemi zaidi ya hapo, na mimi, ambaye kawaida nasema sana, sisemi. Nikienda Kibwezi bado naketi nje chini ya dirisha, ila pazia siku hizi limevutwa kando. Mke wangu anasimama mlangoni, hana kazi.

"Tangazo imesomwa?" mama mkwe ananiuliza kabla ya salamu.

"Bado, mwaitu."

"Basi kunywa chai," anasema, na ananipitishia kikombe dirishani kwa mkono wake.