Jibu Kutoka Chumba cha Baridi

Siku ile naikumbuka kwa ukimya wake, mwanangu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mdomo mwingi, masikio machache. Hapa Tassia mnanijua tu kama shosho, bibi kizee wa ghorofa ya nne anayewafokea mkizidisha muziki. Haya, fokeni nanyi mkizeeka. Lakini nilikuwa fundi wa maabara kabla magoti haya hayajaanza kulia, na nasikia Jumatatu unakwenda kuanza mafunzo kwenye maabara yenye mashine nisizozijua hata majina. Basi keti, unywe chai, nikupe langu.

Maabara niliyofunzwa haikuwa mbali na kwetu Ziwani, nilikuwa nikienda kwa miguu. Mwaka huo ulikuwa umeletwa ufundi mpya wa kugandisha seli hai za mwili wa mtu. Zinalala miaka na miaka, kisha unaziamsha na zinaendelea kukua kama zilizokuwa zimesinzia tu. Zililazwa ndani ya mitungi yenye naitrojeni, gesi iliyogeuzwa maji kwa baridi kali ajabu, katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Ukiinua kifuniko, ukungu mweupe unamwagika, unatambaa sakafuni, unakuzunguka miguu. Na wengi wa wenye seli zile walikuwa wamekwisha kuzikwa. Wao wako mchangani, vipande vyao viko pale vizima, vinangoja kuamshwa. Nikiingia mle nywele zilinisimama, nikitoka nacheka kwa sauti ili nisionekane mwoga.

Aliyesimamia chumba kile alikuwa Bi Zuhura, mama wa Majengo, mtu wa buibui na maneno machache. Vyeti hakuwa navyo, lakini chumba alikijua kama jikoni kwake. Sharti lake lilikuwa moja. Anayeingia afungwe kamba kiunoni, na mwenzake abaki nje ameishika ncha mkononi. Mlango uachwe wazi kiasi cha kamba kupita. Kila baada ya muda mfupi, wa nje aulize, "Upo?" na wa ndani ajibu, "Nipo." Asipojibu, anavutwa papo hapo.

"Mvuke wa gesi hii unaifukuza hewa," alituambia. "Hauna harufu, hauchomi, haukohozi mtu. Ukikuchukua, unakuchukua ukitabasamu."

Sisi tulicheka. Mimi na mwenzangu Muema, kijana wa mchonga vinyago, tulikuwa tumesoma pamoja tangu shule ya msingi na tukaingia mafunzo pamoja. Alikuwa kama ndugu yangu wa tumbo moja. "Cheki vile mathe anatufunga," aliniambia, "kama mbuzi wa Idi!" Mwalimu aliyetoka ng'ambo kutufundisha ule ufundi hakuwahi kutaja kamba, kwa hiyo tukaona ni ushamba wa Bi Zuhura. Kijana akipata cheti kimoja huona mama yake hajui hata kuchemsha maji.

Asubuhi ile Muema aliingia kuijaza mitungi, nami nikabaki mlangoni na kamba. Upande wa pili wa ukumbi mwalimu alikuwa akiwaonyesha wenzetu hadubini mpya iliyorusha picha kwenye kioo, seli hai zikijigawa mbele ya macho. Wenzangu walikuwa wakipiga kelele za furaha. Nikawa nanyoosha shingo.

"Enda ucheki, Mwende," Muema alisema kutoka ndani. "Mi niko sawa."

Nikaifunga kamba kwenye kitasa cha mlango, nikaenda. Sikumwacha kabisa, nilijiambia. Baada ya dakika kadhaa nikarudi, nikauliza bila hata kuchungulia, "Muema, upo?"

"Nipo."

Nilisikia, mwanangu. Sauti yake, ile ya puani kidogo, imetulia. Nikarudi kwenye hadubini. Nikaja tena, nikauliza tena, nikajibiwa tena. Safari hii sauti ilitoka chini kidogo, kama ya mtu aliyeinama, nami nikadhani anafunga kamba ya kiatu.

Mara Bi Zuhura akatokea na kuiona kamba kwenye kitasa. Uso wake ukabadilika.

"Nani yuko ndani?"

"Muema, Bi. Yu salama, nimeongea naye sasa hivi."

Akasogeza mdomo penye ule mwanya wa mlango, akaita, "Muema! Upo?"

"Nipo," nikasikia, wazi kabisa, kwa masikio haya mawili.

Bi Zuhura akanigeukia. "Mbona hajibu?"

Nikautazama ule mwanya. Akausukuma mlango. Muema alikuwa amelala kifudifudi katikati ya chumba na ukungu umemfunika mpaka masikioni, kama maiti aliyefunikwa shuka. Mpira wa kujazia ulikuwa umechomoka, unamwaga gesi sakafuni. Hakukuwa na sauti yoyote mle ndani.

Nilitaka kuruka niingie. Alikuwa hatua nne tu kutoka nilipo, ndugu yangu! Bi Zuhura akanikamata koti, akanizaba kofi ambalo shavu hili halijalisahau.

"Ukiingia mtakuwa wawili, na kamba ni moja. Vuta!"

"Anakufa, Bi!"

"Basi vuta!"

Tukavuta. Mwanangu, sijawahi kuvuta kitu kizito namna ile. Kichwa chake kiligonga kizingiti, nikasikia, na sikusimama. Tukamtoa, tukamburura hadi penye madirisha. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu, na alikuwa anatabasamu. Mwalimu akapiga magoti, akampulizia pumzi mdomoni, tena na tena, nami nimesimama nikiwaza nitamwambia nini mama yake. Kisha akakohoa. Kikohozi kimoja, kibaya, na mimi nikaketi sakafuni nikalia kama mtoto.

Siku ya tatu nilimtembelea hospitalini. Nikamwambia, "Ulinitisha, na vile ulikuwa ukinijibu vizuri."

Akaniangalia sana. "Nilikusikia mara moja tu. Nikataka kujibu, mdomo ukakataa. Sikukujibu hata mara moja, Mwende."

Kazini wengine walinong'ona kwamba walionijibu ni wale wa mitungini. Mimi nami nikaona afadhali iwe hivyo. Nikampelekea Bi Zuhura neno hilo, naye akaweka kikombe chake chini.

"Usiwasingizie maiti," alisema. "Aliyekujibu ni wewe. Ulitaka kurudi kutazama mashine, sikio lako likakupa ruhusa."

Akakiinua tena kikombe, akanywa. Afadhali angenizaba kofi la pili.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wasilosema ni kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mwenzako. Muema alipona, lakini si kabisa. Aliacha maabara akarudi kwenye patasi za baba yake, na mpaka leo ukimwita hugeuka upesi, ila maneno huchelewa kumjia. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nisikilize, maana chai imepoa na wewe umeanza kuangalia simu. Kazi unayoiendea ni ya kuuliza maswali kutwa. Utaiuliza mashine, utaiuliza seli, na mara nyingi utakuwa umechoka na jibu unalolitaka utakuwa nalo tayari kichwani. Siku hiyo ndiyo utakayolisikia hata kama halikutolewa. Kwa hiyo ukiuliza, chungulia. Ukiona, mwite mwenzako naye aone. Kisichoonwa wala kusikiwa na mwingine ila wewe, usikiandike. Yule asiye na cheti anayekwambia "ngoja", ngoja, kisha muulize kwa nini, maana kuuliza si ujinga. Na ukikabidhiwa uhai wa mtu, ushike kwa mkono wako mwenyewe, usikiachie kitasa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kilichopo na moyo wa kukikubali hata kisipokupendeza. Kila jioni akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima, na wale ulioingia nao kazini awarudishe kwa mama zao. Amina.