Mfinyanzi wa Kitabu cha Kumi na Moja

Mjukuu wangu wa kike, ninayeishi naye Kabiro, aliazima kwa rafiki yake wa Ayany kitabu cha michoro kutoka Japani, cha kumi na moja katika hadithi ndefu. Katuni za hadithi hiyo alikuwa amezimaliza kwenye simu, nazo ziliishia pale mfinyanzi mzee alipoanza kuugua. Alitaka kujua kama atapona. Rafiki yake alikuwa na vingine vitatu vilivyofuata.

Nilimwambia nitakisoma kwanza. Nilikuwa nimesikia kanisani kwamba vitabu hivyo vina mapepo. Nikiridhika na hiki, angeleta na vile vitatu. Nisiporidhika, basi.

"Sawa, Kukhu," alisema. Ndivyo sisi tunavyomwita nyanya.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, machache, nami nikafuata picha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jeneza. Mbele kidogo mfinyanzi alikuwa amelala mkekani, kisha ameketi anakunywa uji, na mwishowe anakanda udongo huku akicheka na mwanafunzi wake. Nilimshukuru Mungu, nikampa mjukuu kitabu.

Jumatano, katika ushirika wa akina mama kule Kibera, niliwasimulia jinsi hata Wajapani wanavyochora ufufuo. Walisema amina. Mchungaji alipopata habari akaniomba nitoe ushuhuda huo Jumapili.

Jumamosi tulikuwa tunaanika nguo.

"Kukhu, kesho usitoe ile story."

"Kwa nini?"

"Ulianzia nyuma. Vitabu vya Japan husomwa kutoka kulia. Huyo mfinyanzi hakufufuka. Alikufa."

Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu Alhamisi, uliponisimulia huo ushuhuda."

"Na ukanyamaza."

"Ungenikataza vile vingine."

"Na sasa?"

"Sasa unaenda kudanganya kanisa mzima, tena na mic."

Tuliketi kitandani, akanifungulia kurasa kwa mpangilio wake. Mfinyanzi alicheka, akanywa uji, akalala, akafa. Mwanafunzi alibaki na udongo mikononi. Hapakuwa na pepo. Palikuwa na kifo cha kawaida, kama tulivyozoea kukiona.

Jumapili nilisimama nikaeleza kosa langu. Watu walicheka kwa upole. Mama mmoja wa ushirika wetu akasema kutoka nyuma, "Basi mimi nirudishiwe amina yangu ya Jumatano." Nikamjibu kwamba ataipata mbinguni.

Baada ya ibada mjukuu alitembea kando yangu, akisubiri uamuzi wangu. Niliwaza kwamba angeweza kufunga mdomo, akavipata vitabu vyake vyote, na mimi nisingejua hadi kufa. Nikamwambia apitie Ayany akavilete vile vitatu.

"Utavisoma kwanza?"

"Hapana," nikasema. "Soma wewe."